Vitabu vya Kutisha, na kwa Nini Tunavirudia



Watu wengi hudhani kwamba vitabu vya kutisha ni vya kupotezea wakati tu, na kwamba mwanafunzi anayevisoma angefanya vema zaidi kushika kitabu chake cha hesabu. Wengine husema vinaharibu usingizi. Mimi sikatai kwamba vinaharibu usingizi. Lakini nataka kueleza hapa kwamba vile vilivyo vizuri, yaani vile ambavyo mtu huvitunza miaka na miaka na kuvirudia, vina kazi yao kubwa, na kwamba kazi hiyo yatuhusu sisi watu wa Rwanda kuliko watu wengi wengine.

Mimi ni mwanafunzi wa zamani. Sasa nakaa Masaka, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, katika wilaya ya Kicukiro, nami ni karani wa mizigo. Hapa Masaka ndipo ilipo bandari ya nchi kavu iliyofunguliwa rasmi mwaka 2019, na malori yatokayo Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo huja kupakua hapa. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi ya nchi yetu, hapa si lugha ya darasani tu. Ni lugha ya kazi, ya chakula, na ya mazungumzo ya jioni wakati madereva wangojapo karatasi zao. Na mazungumzo ya jioni, kama mjuavyo, hayakawii kufika kwenye majini na mizimu. Vitabu vyangu viwili vya kwanza vya namna hii nilipewa na madereva, majalada yake yamechakaa, kurasa zina alama za mafuta ya gari. Nilipoona vimechakaa hivyo nilijua kwamba vimesomwa sana.

Masimulizi na kitabu

Hadithi za kutisha si jambo geni kwetu. Neno lenyewe laonyesha hivyo. Waswahili husema mzimu, nasi katika Kinyarwanda twasema umuzimu, na wingi wake abazimu. Wazee wetu walisimulia habari za Ryangombe, ambaye aliuawa na nyati, na wale waliofuata ibada yake waliaminiwa kwenda kukaa naye juu ya mlima Karisimbi, hali wengine waliishia katika moto wa Nyiragongo. Visiwani Unguja na Pemba watu walisimulia habari za Giningi na wachawi wake. Na katika makabila mengi ya Afrika Mashariki iko hadithi ya zimwi linaloiga sauti ya mama ili watoto walifungulie mlango.

Lakini masimulizi ni kitu kimoja na kitabu ni kitu kingine. Msimulizi ana sauti yake na mikono yake, moto unawaka, na wasikilizaji wamekaa bega kwa bega. Mtoto akiogopa humshika dada yake. Msomaji wa kitabu yu peke yake, na mwandishi hayupo. Mwandishi hana kitu ila maneno. Basi hufanyaje hata mtu mzima, aketiye chini ya taa ya umeme, akaogopa kwenda kufunga dirisha?

Mimi nimeona njia tatu. Kwanza, huanza na mambo ya kawaida kabisa, maana hofu huingia kwa urahisi zaidi katika nyumba tuijuayo. Pili, huficha. Jitu lililoelezwa lote, meno na kucha na urefu, haliogopeshi kama mlango uliofungwa tu. Tatu, hukawiza, akitupa habari kidogo kidogo.

Mfano mzuri wa njia hizi ni kitabu cha Dracula, alichokitoa Bram Stoker mwaka 1897. Kitabu chote kimeandikwa kwa namna ya barua na shajara, na hakuna mwandishi wa barua ajuaye habari yote. Mwanzoni kijana mmoja, karani wa mambo ya sheria, afika kwenye ngome ya mteja wake milimani. Apokewa kwa heshima, apewa chakula. Kisha aona kwamba mwenyeji wake hali chakula pamoja naye hata siku moja. Aona tena kwamba nyumba nzima haina watumishi, wala haina kioo cha kujitazamia. Hapajatokea jambo lo lote baya bado, lakini msomaji amekwisha kuanza kuogopa. Zaidi ya miaka 120 imepita, na watu wangali wakiisoma sehemu hiyo.

Kwa nini kurudi?

Mtu angedhani kwamba hofu ya kitabu ni kama njiti ya kiberiti, ukiiwasha mara moja imekwisha. Vitabu vingi ndivyo vilivyo. Ukishajua nani alikuwa nyuma ya pazia, huna haja nacho tena, nawe humpa mwenzio bila kusikitika.

Lakini viko vichache ambavyo hofu yake huhama. Mara ya kwanza twauliza, "Kitatokea nini?" Mara ya pili twajua kitakachotokea, kwa hiyo twapata nafasi ya kuuliza, "Kwa nini?" Tulikuwa tukiogopa mzimu, sasa twaanza kumtazama mtu aliyeuleta. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kipimo cha kitabu cha kutisha kinachostahili kutunzwa. Nitaonyesha kwa mifano.

Bwana Msa na mzimu

Cha kwanza katika rafu yangu ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hii ilishinda katika mashindano ya kuandika ya mwaka 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Mtu aonekana amekufa penye mzimu wa kale, mahali ambapo watu huogopa hata kupita. Wengi wako tayari kusema kwamba mizimu imelipiza kisasi, na mambo yaishie hapo. Ndipo aingiapo Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Bwana Msa hawadharau watu wanaoamini mizimu, wala hawacheki. Yeye huuliza tu. Nani alikuwa wapi? Nani alisema nini, na alijuaje? Nani angefaidika? Mwisho hapana mzimu. Pana binadamu na tamaa yake.

Abdulla aliendelea kuandika habari za Bwana Msa, na katika Kisima cha Giningi cha mwaka 1968 alichukua tena jina lenye kuogopwa katika masimulizi ya visiwani akalifanya mlango wa kuingilia kwenye siri za watu. Wengi wamesema kwamba Bwana Msa ni ndugu yake Sherlock Holmes, nao wanasema kweli. Mwenye kukisoma The Hound of the Baskervilles, cha Arthur Conan Doyle, kilichotolewa mwaka 1902, ataona undugu huo. Ukoo mmoja wa Uingereza waaminiwa kuwa na laana ya mbwa wa kuzimu. Mbwa yupo kweli, mkubwa, na kinywa chake chawaka moto usiku. Lakini moto huo ni dawa ya fosforasi aliyopakwa na mtu mwenye kutaka urithi.

Ukisoma mara ya kwanza, waogopa mbwa. Ukisoma mara ya pili, wamwogopa yule mtu aliyekaa mezani pamoja na jirani zake, akizungumza kwa upole, huku ana kopo la dawa alilolificha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Bwana Msa na Sherlock Holmes wangeongeza: kama laja, tazameni ni nani alileta.

Zimwi na aliyeliumba

Kitabu cha pili ni Frankenstein cha Mary Shelley. Aliyekiandika alikuwa msichana wa miaka 18 alipoanza, mwaka 1816, karibu na Geneva. Mwaka ule hapakuwa na kiangazi huko Ulaya. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka 1815, na vumbi lake lilizuia jua. Rafiki walikaa ndani kwa sababu ya mvua na baridi, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Ya kwake ikatolewa mwaka 1818, bila jina la mwandishi.

Watu wengi ambao hawajakisoma hudhani kwamba Frankenstein ni jina la lile zimwi. Sivyo. Frankenstein ni mwanafunzi wa sayansi aliyeliumba, kisha akalikimbia siku ile ile kwa sababu lilikuwa baya wa sura. Kiumbe hakina jina. Chajificha karibu na nyumba ya watu maskini, chajifunza kusema kwa kuwasikiliza kupitia ufa wa ukuta, na usiku chawakusanyia kuni kwa siri. Siku moja chathubutu kuingia. Mzee wa nyumba ni kipofu, naye akipokea kwa wema na kuzungumza nacho vizuri. Kisha watoto wake warudi; hao wana macho, nao wakipiga. Baada ya hapo ndipo kinapoanza kuua.

Niliposoma mara ya kwanza niliogopa lile zimwi. Siku hizi huwaogopa zaidi wale wenye macho, na bwana yule mwenye elimu ambaye hakutaka kuwajibika kwa kazi ya mikono yake. Wanafunzi wa sayansi, kitabu hiki ni chenu hasa.

Wafu wenye haki ya kurudi

Si kila kitu cha kutisha huishia kwa kuonyeshwa kuwa ni uongo. Viko vitabu ambavyo mfu hurudi kweli, naye ndiye msema kweli. Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001. Humo mkubwa mmoja wa serikali, aitwaye K kwa herufi moja tu, ana gari na nyumba nzuri na usingizi mzuri. Babu yake aliyekufa amjia, kisha amzungusha kuonyesha maisha ya watu ambao kula yake imewanyima kula yao. Hapa babu si wa kuogopwa. Cha kuogopwa ni kwamba K alikuwa haoni mpaka afufuke mfu.

Na wazee wetu wa miaka ya nyuma watakumbuka Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Ndugu wawili waligeuzwa manyani kwa husuda yao, na kila usiku Adili alilazimishwa na jini kuwapiga, naye akilia kwa uchungu. Ni hofu iliyochanganyika na huruma. Sijui mtu ye yote aliyekisahau.

Pia kipo kitabu cha kuangaliwa kwa makini: Mashimo ya Mfalme Sulemani, cha Rider Haggard, kilichofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929. Vijana wengi wa shule za Afrika Mashariki walikipenda mno. Ile pango ya wafalme waliokufa, wamekaa kuzunguka meza ya mawe huku wakigeuka mawe wenyewe kwa maji yanayodondoka, haiwezi kusahauliwa. Lakini katika kitabu hicho Gagula, bibi kizee Mwafrika, amefanywa kama kitu kisicho binadamu, na wageni waliokuja kutafuta almasi ndio mashujaa. Ukikisoma tena, yafaa uulize kwa nini mwenye nchi amefanywa zimwi na mwenye kuchukua mali amefanywa mwema. Swali hilo laniongoza kwenye jambo zito zaidi.

Hadithi ya kutisha ikitumiwa vibaya

Rafiki mmoja hapa Masaka aliwahi kuniambia, "Nchi yetu imeona mambo ya kutisha ya kweli. Ya nini kutafuta mengine vitabuni?" Ni swali la haki. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wako wazazi na babu na bibi zetu ambao hawataki hata kusikia hadithi ya damu, nao wana sababu. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, zaidi ya watu milioni 1 waliuawa kwa siku 100, na wengi wao waliuawa na jirani zao.

Lakini tutazame jinsi mambo yale yalivyotayarishwa. Baada ya vita kuanza Oktoba 1990, watu walisimuliwa kwamba askari wa RPF wana mikia na pembe, na macho yanayong'aa gizani. Gazeti la Kangura, lililoanza mwaka 1990, na redio ya RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ziliwaita watu inyenzi, yaani mende, na Watutsi waliitwa pia nyoka. Hizi zilikuwa nini, kama si hadithi za kutisha? Zilitumia njia zile zile tatu. Zilianza na mambo ya kawaida ya mtaani, zikaficha ukweli, zikatoa habari kidogo kidogo kila siku. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani watu 3 kwa kazi za vyombo hivyo viwili. Vifungo vyao vilipunguzwa katika rufani ya mwaka 2007, lakini hatia haikuondoka.

Tofauti kati ya hadithi ile na kitabu cha Bwana Msa ni moja. Hadithi ile haikuruhusu swali la pili. Msikilizaji alitakiwa aogope, kisha atende. Kitabu kizuri hutuogopesha, kisha hutuacha tumetulia, tukiuliza nani ametuogopesha na kwa nini.

Mwandishi wetu Scholastique Mukasonga amelionyesha jambo hili barabara katika riwaya yake Notre-Dame du Nil, iliyopata tuzo ya Renaudot huko Ufaransa mwaka 2012. Si riwaya ya mizimu, ingawa mizimu inatajwa. Ni habari ya shule ya bweni ya wasichana, juu mlimani karibu na chanzo cha Nile, katika miaka ya 1970. Msichana mmoja, Gloriosa, binti wa waziri, aenda na mwenzake kuvunja pua ya sanamu ya Bikira Maria ili aibadili, maana aona pua hiyo ni ya Kitutsi. Warudi wamechafuka matope. Kwa kuwa hana la kusema, Gloriosa atunga uongo kwamba wamevamiwa na inyenzi. Uongo huo wapendeza wakubwa, askari waja, naye aonekana shujaa. Kutoka uongo huo mdogo wa mtoto wa shule mambo yaendelea mpaka damu. Mimi nimekisoma mara tatu, na kila mara sehemu inayonitia baridi si ile ya mwisho yenye fujo. Ni ile ya Gloriosa akifikiri kwa haraka atasema nini, na watu wote wakikubali bila kumwuliza hata swali moja.

Jinsi ya kusoma

Basi, wadogo zangu, mashauri yangu ni haya.

Kwanza, someni mara ya kwanza kwa raha tu. Ogopeni. Hakuna aibu katika kuogopa kitabu, na mwenye kujidai haogopi hatapata faida yake.

Pili, baada ya miezi michache kirudieni, mkiwa na kalamu ya risasi na maswali matatu. Nani alianza kulisema jambo hili? Nani ameliona kwa macho yake mwenyewe? Nani atafaidika watu wakiogopa? Mkizoea kuyauliza kitabuni, mtayauliza pia mtakapoletewa uvumi katika simu, ukisema kwamba watu fulani wa kijiji fulani si watu kamili.

Tatu, wapeni heshima walio karibu nanyi. Msimsomee kwa sauti mtu asiyetaka. Katika juma la maombolezo, tangu tarehe 7 mpaka 13 Aprili, vifungeni vitabu hivi. Wakati ule ni wa kuwasikiliza wazee wetu, si wa kutafuta hofu ya kujifurahisha.

Nne, msiwatishe watoto wadogo bwenini kwa hadithi mlizosoma. Mimi nayajua mabweni yale.

Na ninyi wenzangu mliomaliza zamani, nina ombi. Kila mmoja wenu, naamini, ana kitabu kimoja cha namna hii ambacho amekihama nacho nyumba hata nyumba. Mwandikieni Mhariri, mtaje jina lake, na mseme mara ya pili mliona nini ambacho hamkukiona mara ya kwanza. Kama mna nakala ya ziada katika Kiswahili, ileteni maktaba ya shule, maana vitabu hivi ni vigumu kupatikana Kigali. Mimi nimekwisha kuifunga kwa karatasi nakala yangu ya Mzimu wa Watu wa Kale, tayari kuikopesha maktaba. Alama za mafuta ya gari zimo bado. Naomba tu irudishwe, kwa kuwa sijamaliza kuisoma.